Mlinganyo Uko Kwenye Mfuko wa Mbolea

Mkulima wa mahindi wa Uyole mkoani Mbeya, au wa Ismani mkoani Iringa, akiingia duka la pembejeo anawaza mbolea mbili: DAP ya kupandia na urea ya kukuzia. Mifuko yenyewe ina hesabu. DAP ni 18-46-0, urea ni 46-0-0. Hizo ni asilimia za naitrojeni, fosfeti na potashi. Kwa hiyo mfuko wa kilo 50 wa DAP una kilo 9 za naitrojeni, na wa urea una kilo 23.

Tuseme shamba linataka kilo 55 za naitrojeni. Mifuko ya DAP ikiitwa x na ya urea y, basi 9x + 23y = 55. Huo ni mlinganyo wa mstari mnyoofu katika umbo sanifu, ax + by = c, na umekuja wenyewe.

Darasani mara nyingi mambo huenda kinyume. Mwanafunzi huanza na y = mx + c, hukariri mteremko, kisha umbo sanifu huletwa mwishoni kama agizo la kuhamisha herufi na kuondoa sehemu. Mtihani ukidai jibu katika umbo la ax + by + c = 0, anahamisha tu, sababu haijui. Utaratibu huo unafaa kugeuzwa, hasa katika mikoa ambako watoto wengi wameshatia mbolea kwa mikono yao.

Ukiandika y = -9x/23 + 55/23, zile sehemu hazimwambii mkulima kitu. Ukiuacha mlinganyo ulivyo, 9 ni ya DAP, 23 ni ya urea, 55 ndiyo mahitaji.

Fosfeti inatoa hoja nzito zaidi. Urea haina fosfeti hata chembe. Mfuko wa DAP una kilo 23. Shamba likihitaji kilo 23, mlinganyo ni 23x + 0y = 23, yaani x = 1: mstari wa wima. Mstari huo hauna mteremko, na y = mx + c haiwezi kuuandika kabisa. Umbo sanifu linauandika bila taabu. Mstari huo na ule wa naitrojeni inakutana penye x = 1 na y = 2: mfuko mmoja wa DAP, miwili ya urea.

Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, pale Iringa, huandaa walimu wa sekondari. Walimu hao wakienda mazoezini wabebe mfuko mtupu wa mbolea, wauweke mezani, na wanafunzi wausome kabla ya kutajiwa mteremko.