Nyumba Njema si Mlango

Kila chombo kipya kiingiapo mjini huja na wasemaji wake. Kisanduku cha kupokea filamu kwa njia ya intaneti, ambacho sasa hupangwa katika maduka ya Dodoma kando ya pasi, feni na majiko ya gesi, kimekuja na wasemaji wengi kuliko vyombo vingi vilivyokitangulia. Husema kwamba ni kidogo kama kiganja, walakini chaleta ulimwengu mzima sebuleni. Husema kwamba picha yake ni ya 4K, yaani ina nukta 3840 kwa upana na 2160 kwa kimo, zaidi ya milioni 8 kwa jumla, mara nne ya zile za picha iliyosifiwa kuwa safi jana. Husema mwisho kwamba mji uliofanywa makao makuu ya nchi haustahili kutazama picha ya jana. Maneno haya yana utamu, na baadhi yake ni ya kweli. Lakini hoja iliyoyabeba yote, kwamba nukta zikiongezwa katika picha mtazamaji naye huongezewa kuona, ni hoja ya uongo, na yafaa ivunjwe mapema kabla haijageuka desturi.

Kwanza lihesabiwe jicho. Jicho zima la binadamu lina mpaka wake. Kwa mtu aliyeketi umbali wa mita 3, vitu viwili vilivyopishana kwa chini ya milimita 0.9 hivi huonekana kitu kimoja. Televisheni ya inchi 43 ina kioo chenye upana wa kama sentimita 95. Upana huo ukigawanywa kwa nukta 1920 za picha ya jana, kila nukta hupata nusu ya milimita tu. Maana yake ni kwamba mtazamaji huyo amekwisha kufika mwisho wa uwezo wa jicho lake kabla 4K haijabisha hodi. Nukta mpya ni za robo milimita. Ili azibague moja moja hana budi kusogeza kiti mpaka abakiwe na chini ya mita moja kati ya pua yake na kioo, naye akifanya hivyo atawaziba wenziwe wote waliomo chumbani. Haikanushwi kwamba katika kioo kikubwa sana tofauti huonekana, wala kwamba rangi zilizotengenezwa vizuri hupendeza. Lakini katika sebule ya kawaida, ambamo watu kumi huketi wapendapo, mnunuzi ameuziwa tarakimu akidhani amenunua picha.

Pili uhesabiwe mfuko. Picha ya namna hii haidondoki kutoka mbinguni. Huvutwa kwa waya au kwa mnara, na mvutano wake hulipiwa. Kampuni ya Netflix, iliyofungua milango yake kwa Tanzania mwezi wa Januari 2016, hutaka mwendo wa megabiti 15 kwa sekunde kwa picha ya 4K, na saa moja ya picha hiyo yaweza kula gigabaiti 7. Picha ya kawaida hula kama gigabaiti 1 kwa saa. Filamu ya saa mbili, basi, yaweza kumeza gigabaiti 14 kwa kikao kimoja. Aliyevutiwa mkongo mpaka ukutani mwake hatasikia uchungu wa hesabu hiyo. Lakini mkazi wa Bahi, Mvumi au Kibakwe anayenunua bando kwa simu ataona bando la siku nyingi likimalizika kabla shujaa wa filamu hajaoa. Chombo kilichosifiwa kuwa cha watu wote kimekwisha kuwagawa watu wa mkoa mmoja mafungu mawili: wenye waya na wasio na waya.

Dodoma ina kumbukumbu ya karibu juu ya jambo hili. Mwezi wa Januari 2013 mitambo ya televisheni ya mfumo wa zamani ilizimwa hapa, mwezi mmoja baada ya Dar es Salaam, na kila nyumba ikalazimika kuwa na king'amuzi. Picha ikawa safi zaidi. Hilo halina ubishi. Lakini nyumba iliyokuwa na televisheni, ikakosa fedha ya king'amuzi, ilibaki na kioo cheusi. Ilidhihirika kwamba tendo moja laweza kuisafisha picha na kumwacha mtazamaji nje ya mlango.

Tatu lihesabiwe jina. Maandishi ya 4K juu ya kifuniko si ushahidi wa kilichomo ndani. Wenye filamu hufunga mali yao kwa kufuli, na kisanduku ambacho hawakukipa kibali hupewa picha hafifu hata kama kina uwezo wa kupokea iliyo bora. Tena yako mabaya kuliko hayo. Mwezi wa Juni 2025 idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, ilionya kwamba vifaa vya nyumbani kwa mamilioni, vikiwamo visanduku vya bei nafuu vya namna hii, vilikuwa vimeingiwa na programu za wahalifu, vingine kabla hata havijafika mikononi mwa wanunuzi. Mtu aliyekwenda sokoni kutafuta burudani aweza kurudi nyumbani na mwizi aliyefungwa vizuri katika karatasi.

Watetezi wa kisanduku hujibu kwamba haya yote ni kasoro za mwanzo. Kwamba mkongo utaenea, bei zitashuka, na vifaa vibaya vitafukuzwa. Na yawe hivyo. Hata siku hiyo ikifika, swali kubwa litakuwa halijajibiwa, kwa kuwa halikuulizwa. Nyanda za kati zina fundisho kuhusu maswali yasiyoulizwa, nalo limelala Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kuleta huko mashine nyingi ili ilime karanga katika eneo kubwa lisilopata kulimwa hivyo. Hata vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Wakati wa kiangazi udongo ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, mvua haikufuata ratiba ya ofisini, na mwezi wa Januari 1951 mradi ukaachwa kwa hasara ya kama pauni milioni 36. Mashine zile hazikuwa dhaifu. Waliokosa ni wenye mashine, walioanza kwa kuuliza trekta lina nguvu kiasi gani, wakasahau kuiuliza ardhi inataka nini. Hasara ya sebule moja hailingani na hasara ya Kongwa, lakini mwenendo wa fikira ni ule ule: uwezo wa chombo umehesabiwa mpaka nukta ya mwisho, na haja ya mtu haikuhesabiwa kabisa.

Haja hiyo si siri. Kwa miaka mingi filamu za Marekani, Hong Kong, India na Nigeria zilitazamwa nchini katika vibanda vya video, ambavyo watu waliviita vibanda umiza. Kanda zilikuwa zimenakiliwa mara nyingi hata nyuso zikafifia, mabenchi yalikuwa magumu, na joto lilikuwa kali. Watu walikuja hata hivyo, na sababu moja ni kwamba palitokea wafasiri walioichukua filamu ya kigeni wakaisimulia kwa Kiswahili, wakiwapa wahusika sauti, mizaha na mafumbo ya mitaani. Mmoja wao, Lufufu, alijulikana nchini kwa kazi hiyo kama wachezaji wa filamu wajulikanavyo. Tena mwaka 2011 televisheni ya taifa, TBC, ilionyesha mchezo wa Kichina juu ya mke kijana Doudou na mama wakwe zake, ukiwa umetiwa sauti za Kiswahili. Ulipendwa hata Rais Xi Jinping wa China alipohutubia Dar es Salaam mwezi wa Machi 2013 aliutaja kuwa mfano wa watu wa nchi mbili kufahamiana. Picha za mchezo ule zilikuwa za kawaida. Kilichomfanya mama wa Kitanzania amhurumie mke wa Beijing ni lugha: alimsikia akilalamika kama jirani yake alalamikavyo.

Hapa ndipo hoja ya nukta inapoanguka. Picha ya kibandani ilikuwa na ukungu, na mtazamaji aliona. Picha ya kisanduku haina ukungu, na bibi aliyeketi mkekani haelewi kwa nini watu wanalia. Ipi iliyo wazi zaidi kati ya hizo mbili? Mtu asemaye ya pili amechanganya kazi ya kioo na kazi ya akili.

Liko kundi jingine, nalo halina budi kujibiwa, kwa maana aghalabu husikika vyuoni. Kundi hili lachukia kisanduku chenyewe. Lasema kwamba hekaya za jioni zimekufa kwa ajili yake, na kwamba dawa ni kuufunga mlango. Dawa hiyo ilikwisha kujaribiwa. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilikaa bila televisheni mpaka mwaka 1994, kwa sababu ilihesabiwa kuwa anasa katika nchi maskini yenye haja ya maji, shule na zahanati. Sababu ile ilikuwa na uzito, na haifai kudhihakiwa na watu waliokuta maji bombani. Lakini kuufunga mlango hakukujaza ghala. Mlango ulipofunguliwa, akiba ya picha za Kiswahili ilikuwa ndogo, na mgeni aliingia akaikuta nyumba ina nafasi tele. Mtu akifunga mlango bila kupika amejiongezea njaa tu.

Na ghala la nyanda hizi si kwamba halina cha kuwekwa. Ugogo una ngoma ya muheme, ambayo wanawake huipiga kwa ustadi unaowashangaza wageni. Una zeze na ilimba. Una uimbaji wa sauti nyingi zinazopishana na kukutana. Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyefariki mwaka 2003, aliimba kwa sauti hizo mpaka Ulaya, na kazi zake zikatolewa Uingereza na Real World Records. Chamwino, mwendo mfupi kutoka mjini, tamasha la muziki wa Kigogo limefanyika kwa miaka mingi. Mwezi wa Machi 2023 Netflix yenyewe ilitoa filamu fupi ya Katope, ya Mtanzania Walt Mzengi Corey, katika mfululizo wa ngano za Afrika uliotengenezwa pamoja na UNESCO. Ni habari ya mtoto mwenye asili ya ajabu aendaye kutafuta mwisho wa ukame. Mkoani Dodoma, ambako masika yakikosea wiki chache uwele hukauka shambani, hadithi hiyo haihitaji mfasiri.

Watetezi wa kisanduku huirukia habari ya Katope kwa furaha: si mnaona, chaweza kuleta na vya kwenu! Chaweza, naam. Lakini kuweza si kutenda. Mtungi waweza kuwa na maji, nao waweza kuwa mtupu. Kiu haiulizi mtungi waweza nini. Filamu moja ya dakika chache katika bahari ya maelfu ni ushahidi kwamba njia ipo na kwamba wapitaji ni haba. Mwenye kuridhika nayo ameridhika na kidogo mno kwa ajili ya watu wengi mno: Mkoa wa Dodoma peke yake ulihesabiwa kuwa na watu 3,085,625 katika sensa ya mwaka 2022.

Kwa hiyo madai yanayostahili kupelekwa kwa wenye visanduku si kuongeza nukta. La kwanza ni Kiswahili: filamu zinazouzwa katika nchi hii zitiwe sauti za Kiswahili, na ikishindikana, maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Walioweza kumsemesha Doudou wameonyesha kwamba kazi hiyo yafanyika na yalipa. La pili ni wepesi: picha ndogo inayofika Mpwapwa bila kukatika ina thamani kuliko picha kubwa inayokwama Dodoma mjini, na mtazamaji apewe uwezo wa kuihifadhi ili asilipie mara mbili. La tatu ni ghala, na hili ni deni la nyumbani. TBC ina kanda ilizorithi kwa Radio Tanzania; Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina wanafunzi wenye simu zenye kamera na wazee walio hai umbali wa nauli ndogo. Wanafunzi hao wakimaliza masomo yao huku wazee wakimaliza maisha yao, na kati yao pasibaki hata saa moja ya picha yenye maelezo mazuri, lawama haitakuwa ya kiwanda cha ng'ambo.

Naye mnunuzi anayesimama dukani, fedha mkononi, ana maswali matatu ya kumwuliza mwuza kabla ya kuuliza nukta ni ngapi: kisanduku hiki kina nini ambacho wote waliomo nyumbani kwangu watakielewa? Saa moja ya kukitazama itanigharimu kiasi gani? Na nani anayejibika kikiwa si kile kilichoandikwa? Mwuza akijibu maswali hayo kwa ukweli, kisanduku kinunuliwe, na heri yake aliyekinunua. Akijibu kwa kurudia tena hesabu ya nukta, mnunuzi na arudishe fedha mfukoni. Wahenga walikwisha kusema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Na kisanduku hiki, kwa uzuri wake wote, ni mlango.