Fidia ya chanjo isiwe safari ya mahakamani pekee

Serikali ilipoendesha kampeni ya chanjo ya homa ya matumbo mwezi Julai 2025, ililenga watoto wa hadi umri wa miaka 14 kote nchini, wakiwemo wanafunzi wa Komarock, Nairobi. Hatua hiyo ilifaa. Chanjo ndiyo iliyoitokomeza ndui, ushindi uliotangazwa ulimwenguni mwaka 1980.

Hata hivyo, hakuna dawa isiyoweza kumdhuru mtu yeyote. Miongoni mwa mamilioni wanaochanjwa, wachache mno huathirika vibaya. Je, mzazi wa Komarock anayeamini kwamba mwanawe amedhurika aende wapi?

Akienda mahakamani, sharti athibitishe kwamba chanjo ndiyo iliyoleta madhara, na kwamba kuna aliyezembea. Akiishtaki Serikali, kwa kawaida sheria humpa miezi 12 tu ya kufungua kesi. Mwenye kipato kidogo atawalipa wakili na daktari bingwa kwa fedha zipi?

Kwingineko njia imepatikana. Uingereza ilipitisha sheria ya malipo ya aina hii mwaka 1979. Marekani ilifuata mwaka 1986, na huko chanjo hutozwa senti 75 kwa kila ugonjwa unaokingwa, fedha zikaingia katika mfuko wa fidia. Mlalamishi halazimiki kuthibitisha uzembe. Takriban malipo sita kati ya kumi hutokana na maafikiano, bila kuamuliwa kwamba chanjo ndiyo chanzo.

Kenya yenyewe ilikuwa miongoni mwa nchi 92 zilizowekewa mpango kama huo mwaka 2021, kwa chanjo za korona zilizotolewa kupitia COVAX. Ikiwa ilifaa kwa korona, mbona isifae kwa surua na pepopunda?

Wapo watakaodai kwamba fidia itawatia wazazi hofu. La hasha! Kinachozua uvumi ni kimya cha wakuu. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Ni maoni yetu kwamba Bunge liunde mfuko wa fidia, pamoja na jopo la wataalamu la kusikiliza madai upesi. Ibara ya 159 ya Katiba ya 2010 tayari inahimiza suluhu nje ya kesi. Nao walimu wawahimize wazazi kuhifadhi kadi za chanjo, kwani dai lisilo na kumbukumbu ni gumu kusikilizwa. Jamii inayomwomba mtoto anyooshe mkono kwa manufaa ya wote haina budi kumshika mkono huo anapoumia.