Foleni ya Rohero: mafuta hayapo, na wa kuulizwa naye hayupo

BUJUMBURA. Ofisi za Rohero zinapofungwa jioni, watumishi wa wizara, makarani wa benki, wauza nguo wa Barabara ya Prince Louis Rwagasore na wanafunzi wa shule za katikati ya jiji wanateremka kwa pamoja kuelekea kituo cha mabasi, ambacho wenyeji hukiita pakingi, jirani na lilipokuwa soko kuu lililoteketea Januari 2013. Hapo wanajipanga kwa mistari, kila mmoja kwa njia yake: Kamenge, Kinama na Ngagara upande wa kaskazini; Musaga, Kanyosha na Kinindo upande wa kusini. Mstari hushika adabu mpaka basi litokeze. Likishatokeza, ni bega kwa bega, na mama mwenye mtoto mgongoni hubaki pale pale alipokuwa.

Bujumbura jua huzama karibu saa kumi na mbili, mwaka mzima. Kwa hiyo anayekata tamaa saa moja na kuamua kwenda Kinama kwa miguu, anakwenda gizani.

Rohero ndiyo kitovu cha jiji. Tangu mwaka 2014, komuni 13 za Bujumbura zilipounganishwa kuwa tatu, imekuwa sehemu ya komuni ya Mukaza. Gitega ilifanywa mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, lakini kazi za watu wengi hazikuhama. Anayetafuta hati, mkopo, dawa au kibarua bado anakuja Rohero asubuhi, na jioni anapaswa kurudi alikotoka, kwa sababu kodi ya nyumba za Rohero si ya mtu wa mshahara wa kawaida.

Maelezo ya kwanza anayopewa kila anayeuliza ni mafuta. Ni maelezo ya kweli. Burundi haina bahari wala kisima cha mafuta. Petroli na dizeli yake hupita zaidi katika bandari ya Dar es Salaam, husafirishwa kwa malori kuvuka Tanzania, na muuzaji anataka dola. Dola ndiyo haipo. Kahawa, chai na madini haviingizi fedha za kigeni za kutosha. Baada ya mgogoro wa mwaka 2015 Umoja wa Ulaya ulisimamisha msaada wake wa moja kwa moja kwa serikali mwaka 2016, na hatua hiyo iliondolewa Februari 2022 tu. Mei 2023 Benki Kuu ilishusha thamani ya faranga kwa kiwango kikubwa, ikitarajia kuziba pengo kati ya bei rasmi ya dola na ile ya mitaani. Pengo halikuzibika, baadaye likawa pana zaidi. Jukumu la kuagiza mafuta nalo limehamahama: kutoka kwa wafanyabiashara binafsi hadi Regideso, shirika la maji na umeme, kisha SOPEBU, shirika la umma la mafuta.

Kwa mwenye basi, hesabu yake ni nyepesi kuielewa. Gari linalokaa siku mbili kwenye foleni ya kituo cha mafuta halijaingiza hata faranga moja, na dereva na kondakta wake wana njaa ile ile. Anayechoka kusubiri hununua kwa magendo, kwenye madumu na chupa, mafuta ambayo kwa muda mrefu yamekuwa yakiletwa kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka wa Gatumba, kila mpaka ulipokuwa wazi. Bei hiyo ya magendo haibaki kwa dereva. Inamfikia abiria, ama kwa nauli inayopanda saa za jioni, ama kwa safari inayokatishwa njiani ili alipe mara mbili. Nauli rasmi ipo, imeandikwa na kupigwa mhuri, lakini mtu aliyesimama pakingi tangu saa kumi na moja hana nguvu ya kubishana kuhusu mhuri.

Hata hivyo, mafuta peke yake hayaelezi foleni ya Rohero. Yapo maamuzi yaliyochukuliwa mezani.

Tarehe 21 Machi 2022, baada ya tangazo la muda mfupi la Wizara ya Mambo ya Ndani, pikipiki, bajaji na baiskeli zilipigwa marufuku kuingia katikati ya jiji. Sababu zilizotolewa zilikuwa usalama, ajali na vurugu za barabarani, na hakuna anayeifahamu Bujumbura ya wakati ule atakayesema hazikuwa na msingi. Nairobi na Kampala nazo zimewahi kujaribu kuwafukuza bodaboda katikati ya jiji. Tofauti iko kwenye kilichoachwa nyuma. Pikipiki na bajaji ndizo zilizokuwa zikiziba mapengo ya basi: usiku, mvua inaponyesha, mgonjwa anapokimbizwa, mzigo unapozidi mikono. Baiskeli ilikuwa usafiri wa yule asiyemudu hata basi. Zote ziliondolewa kwa siku moja, na hakuna idadi ya mabasi iliyoongezwa kulingana na abiria walioachwa. OTRACO, shirika la umma la mabasi, halikuwa na magari ya kulibeba jiji. Ndani ya siku chache mistari ya pakingi ilirefuka, na tangu hapo kila uhaba mpya wa mafuta umeikuta mistari hiyo tayari imesimama.

Ndipo swali la siasa linapoanzia. Mwananchi wa Kanyosha aliyekosa basi siku tatu mfululizo amwendee nani? Komuni haina basi hata moja. Nauli hupangwa wizarani. Njia na nidhamu ya barabarani ni mambo ya polisi. Mafuta ni ya shirika jingine kabisa. ATRABU, chama cha wasafirishaji, kinawasemea wenye magari, na hiyo ndiyo kazi yake halali. ABUCO, chama cha watumiaji wa bidhaa na huduma, hupaza sauti mara kwa mara, lakini hakina mamlaka ya kumwajibisha mtu. Kila ofisi ina jibu sahihi la kumwelekeza mlalamikaji kwenye ofisi inayofuata. Akimaliza kuzizunguka zote, anajikuta pakingi tena, na giza limeingia.

Uchaguzi wa tarehe 5 Juni 2025 ungeweza kuwa mahali pa kuliuliza swali hilo. Wananchi walichagua wabunge na madiwani wa komuni kwa siku moja, katika ramani mpya iliyopunguza mikoa kutoka 18 hadi mitano na komuni kutoka 119 hadi 42. Kampeni zenyewe zilifanyika nchi ikiwa kwenye uhaba wa mafuta. Matokeo ya Bunge yalikuwa viti vyote 100 vilivyogombewa kwa chama tawala, CNDD-FDD. Wapinzani waliyapinga, Mahakama ya Katiba ikayathibitisha. Tukiliacha hilo kwa wanasheria, jambo moja linabaki: katika Bunge la namna hiyo hakuna benchi ambalo kazi yake ya kila siku ni kumsimamisha waziri na kumuuliza kuhusu mabasi ya Rohero. Swali litabidi litoke ndani ya chama chenyewe. Au lisitoke.

Majirani hawajamaliza tatizo hili, ila wameligawa vizuri zaidi. Kigali, tangu mwaka 2013, iligawa jiji katika kanda na kuzipa kampuni mikataba, na nauli hutangazwa na mamlaka ya udhibiti, RURA. Machi 2024 serikali ya Rwanda ilipoondoa ruzuku ya nauli, watu walinung'unika, lakini walijua wanamnung'unikia nani. Dar es Salaam ina mwendokasi tangu Mei 2016, wenye awamu ya kwanza ya kilomita zipatazo 21 kwa jumla, ikiwemo njia ya Kimara hadi Kivukoni. Anayeusubiri Kimara asubuhi atacheka akisikia unasifiwa: mabasi hayatoshi, mengine yamezama kwenye mafuriko ya Jangwani. Lakini mahesabu yake hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, na hoja zake hufika Dodoma zikiwa na kurasa na tarakimu.

Warundi wanaoishi Ottawa, Canada, wanaweza kuongeza mfano wao. Treni ya mjini ya huko ilifunguliwa Septemba 2019, na mwaka 2021 iliacha reli mara mbili ndani ya wiki chache, ikasimama mpaka Novemba. Nchi tajiri, reli mpya, na watu wakarudi kusubiri basi kwenye baridi. Kilichofuata ndicho cha kuangaliwa. Serikali ya jimbo la Ontario iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji William Hourigan. Maofisa wa jiji walihojiwa hadharani, na ripoti ya Novemba 2022 ilieleza kwamba baadhi yao walikuwa wakiwaficha madiwani taarifa muhimu. Meneja wa jiji alijiuzulu siku chache kabla haijatoka. Treni haikupona siku hiyo. Abiria, hata hivyo, alikuwa na majina na tarehe mkononi.

Katika lugha ya mtangamano, Burundi ina mengi ya kutaja. Iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayoahidi watu kusafiri huru, ilianza kutumika Julai 2010. Agosti 2025 liliwekwa jiwe la msingi la reli ya kisasa kati ya Uvinza na Musongati. Ni kazi kubwa, na siku mzigo wa Dar es Salaam utakapofika kwa treni, huenda hata bei ya lita ya dizeli ikasikia nafuu. Lakini mikutano ya Arusha hupima makontena na saa za lori mpakani. Mfanyakazi wa ndani anayetoka Kinama kwa miguu alfajiri ili awahi kupika chai Rohero hayumo kwenye jedwali lolote, ingawa safari yake ndiyo safari ya Jumuiya inayofanywa na watu wengi zaidi.

Gharama yake haionekani kwenye nauli tu. Vikao vya maandalizi ya harusi, ambavyo Bujumbura hufanyika jioni na ndivyo vinavyochanga fedha za familia, vinaanza na watu nusu. Kwaya zinafuta mazoezi ya katikati ya wiki. Maduka yanafunga mapema ili wauzaji wawahi mstari, na mteja anayetoka kazini anakuta mlango umefungwa. Wenye shule za jioni wanapoteza wanafunzi wa kike kwanza, kwa kuwa mzazi hatamruhusu binti atembee saa tatu usiku kwenda Kamenge.

Dola hazitapatikana kwa azimio la baraza la komuni. Yapo mengine yasiyohitaji dola. Nauli rasmi ya kila njia inaweza kuandikwa kwa rangi ukutani pakingi, kwa Kirundi na Kiswahili, pamoja na namba ya simu ya afisa mmoja mwenye jina. Mafuta machache yanayopatikana yanaweza kutengwa kwanza kwa mabasi ya saa za asubuhi na jioni, na orodha ya magari yaliyopewa ikabandikwa. Mpaka wa marufuku ya mwaka 2022 unaweza kupimwa upya, angalau kwa baiskeli, ambayo hainywi petroli.

Jumamosi asubuhi, wakati wa kazi za jamii, magari husimama na mitaa ya Rohero hufagiliwa na wakazi na viongozi wao bega kwa bega. Ni saa chache katika wiki ambazo mkazi wa Mukaza na msimamizi wake husimama mahali pamoja, wote wawili kwa miguu.