Mali Bila Daftari

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wao walisema juu ya duka na ng'ombe. Sisi leo twasema juu ya wilaya, na hasa Kasulu na Kibondo.

Karatasi za Serikali ni mali ya umma, kama barabara na zahanati. Daftari la kodi, muhtasari wa baraza, hukumu ya mahakama, ramani ya kijiji, vyote ni vyetu. Lakini barabara ikiharibika hutengenezwa. Daftari likiliwa na mchwa, hakuna fedha ya kulinunua tena.

Nchi ya Buha ilitawaliwa na wageni wa aina tatu. Wajerumani walikaa mpaka 1916, Wabelgiji wakashika mpaka 1921, kisha Waingereza mpaka Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961. Wote waliandika juu yetu, na wengine waliondoka na maandishi yao. Mwaka 2011 Serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imeficha mafaili ya makoloni yake 37 ya zamani huko Hanslope Park, na ya Tanganyika yalikuwamo. Mkoloni alijua thamani ya karatasi. Je, sisi wenyewe twaijua?

Tazameni maisha ya Waha. Vijana walikwenda manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Katika miaka ya 1930 watu walihamishwa kwa ajili ya malale. Kati ya 1972 na 1974 walihamishwa tena kwenda vijijini. Kila safari karani aliandika majina, na majina hayo leo ni ushahidi.

Mpaka wa Burundi uko karibu, Kiha na Kirundi ni ndugu, na wilaya hizi zimepokea wakimbizi wengi, hasa tangu 1972 na 1993. Basi mwananchi wa Heru au Muhambwe anapotaka kitambulisho huulizwa baba yake na babu yake walizaliwa wapi. Hatusemi asiulizwe, maana kulinda nchi ni wajibu. Lakini atajibu kwa nini? Babu alilipa kodi ya kichwa na jina lake likaandikwa. Daftari lile likipotea, mwana wa nchi husimama mbele ya meza kama mgeni, na mwenye maneno mengi humshinda mwenye haki. Mambo ya mashamba na mipaka ya vijiji ni hivyo hivyo.

Sheria si haba. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ilianzishwa 1963, Sheria yake ikapitishwa 1965, na Sheria Na. 3 ya 2002 imemwekea kila mkuu wa ofisi ya umma wajibu wa kutunza kumbukumbu za ofisi yake. Lakini sheria haijengi rafu. Rafu hujengwa kwa fungu la fedha.

Wapo wasemao, "Maji na dawa kwanza, karatasi baadaye." Jibu letu ni hili: kisima kilichochimbwa bila faili kutunzwa, siku pampu ikifa hakuna ajuaye kina chake wala aina ya mashine iliyomo. Wilaya hulipa mara mbili kwa kazi moja. Kutunza karatasi ni kutunza maji na dawa.

Mwalimu alitufundisha kwamba kupanga ni kuchagua. Basi tuchague. Mwaka wa kwanza, zihesabiwe karatasi zote: za boma, za mahakama, za kata na za vijiji. Kakonko ilipotolewa Kibondo, na Buhigwe ikatolewa Kasulu, mwaka 2012, watu waligawanywa. Yaangaliwe na mafaili yao yako wapi. Mwaka wa pili, kipatikane chumba kikavu chenye rafu za chuma, kisichovuja masika wala kuingia panya, na mtumishi aliyesomea kazi hiyo. Mwaka wa tatu, zipigwe picha zile zilizochakaa. Asili ziende Hifadhi ya Taifa, nakala zibaki wilayani, ili mkulima asifunge safari ya Dar es Salaam kutafuta jina la babu yake.

Tusingoje mfadhili. Mfadhili hulipia akitakacho yeye, na akiondoka taa huzimika. Shilingi chache katika bajeti ya Halmashauri kila mwaka zinashinda milioni za mara moja.

Wanachama, kazi hii ni yenu. Bajeti haishuki kutoka mbinguni, hupitishwa na madiwani mliowachagua. Waulizeni katika mikutano ya matawi: fungu la kumbukumbu ni shilingi ngapi, na mwaka uliopita lilifanya nini? Asiye na jibu mwaka huu, aulizwe tena mwaka ujao, na wakati wa kura pia.

Tulidai nchi, tukaipata. Sasa tuitunzie hati zake.

Uhuru na Kazi.