Kiwambo, Vali na Dawa Iitwayo "Maji"

Mjadala wa istilahi katika Kiswahili una mazoea ya kuzungukia maneno yale yale: tarakilishi au kompyuta, rununu au simu ya mkononi, wavuti au mtandao. Wataalamu hutoana jasho makongamanoni kwa sababu ya maneno ambayo, hata yakikosewa, hayamdhuru yeyote. Ilhali kando ya kitanda cha mgonjwa hospitalini huning'inia chombo ambacho kutajwa kwake ovyo kunaweza kugharimu uhai, na ni nadra mno kusikia mwanaisimu akikizungumzia.

Mgonjwa anapotundikiwa mfuko wa dawa na kudungwa sindano mshipani, watu husema "amewekewa maji". Usemi huo ni mwepesi, unaeleweka na kila mtu, na hapo ndipo penye hatari. Maji, katika fikra ya Mswahili na jirani zake, ni kitu cha heri. Anayeomba maji hanyimwi, na anayepewa mengi hajapunjwa. Basi si ajabu jamaa aliyekuja kumtazama mgonjwa, akiona matone yanadondoka kwa uvivu na saa za kuwaona wagonjwa zinakwisha, kunyoosha mkono akakizungusha kigurudumu kilicho kwenye mpira ili "maji yaishe upesi". Hana nia mbaya. Neno alilopewa halikumwambia kwamba mwendo wa dawa hiyo nao ni sehemu ya dawa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Lita moja ikiagizwa iingie mwilini kwa muda wa saa 8, hiyo ni mililita 125 kwa saa. Mpira wa kawaida hutoa matone 20 kwa kila mililita, kwa hiyo muuguzi hulenga matone kama 42 kwa dakika. Kigurudumu kikiachwa wazi kabisa na sindano ikiwa pana, lita hiyo hiyo huweza kuingia chini ya nusu saa. Moyo wa mtu mzima mwenye afya huenda ukastahimili. Moyo wa kikongwe, au wa mtoto mwenye utapiamlo, ni jambo jingine.

Anayedhani kwamba hayo ni kutishana na ausome utafiti uitwao FEAST, uliochapishwa mwaka wa 2011. Uliongozwa na Kathryn Maitland wa kituo cha utafiti cha Kilifi, katika pwani hii hii ambayo lahaja zake hutajwa kila siku katika madarasa ya isimu. Watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania, waliokuwa na homa kali na dalili za damu kutozunguka vyema mwilini, walihusishwa. Baadhi yao walipewa maji mengi ya mshipani kwa kasi na wengine hawakupewa. Katika kila watoto 100 waliopewa kwa kasi, takriban 10 au 11 walifariki katika saa 48 za kwanza. Miongoni mwa wale ambao hawakupewa, walifariki takriban 7. Ifahamike kwamba utafiti huo haukuwahusu watoto walioishiwa maji kwa kuhara, ambao huyahitaji upesi. Hata hivyo, matokeo yake yaliwashtua madaktari wa dunia nzima, kwa kuwa wao pia, licha ya usomi wao, walikuwa wameamini kwamba maji hayawezi kuwa mabaya.

Kwa sababu hiyo wahandisi wametafuta njia za kuudhibiti mtiririko bila kuutegemea mkono wa binadamu peke yake. Mojawapo ni vali ya kiwambo, na hapa Kiswahili kina utajiri ambao wengi hawaushughulikii. Kitenzi wamba ni kukaza ngozi juu ya mzinga wa ngoma. Kutoka humo twaa kiwambo: kitu chembamba, kinachonyumbulika, kilichokazwa pembezoni pote na kuachwa huru katikati. Mtu aliyewahi kubonyeza ngozi ya ngoma kwa kidole amekwisha kuelewa nusu ya chombo hiki. Ndani ya vali, kiwambo cha mpira au silikoni hukitenga chumba kimoja na kingine. Upande mmoja hupita dawa. Upande wa pili hukaa springi, hewa au kijiti cha kusukumia. Kikisukumwa, kiwambo hubonyea na kuufunika mdomo wa njia, dawa ikasimama. Kikiachiliwa hurudi, dawa ikapita. Springi ya chuma haiigusi dawa hata kidogo, wala hakuna upenyo kandokando ya kijiti ambamo dawa ingevuja au vijidudu vikajificha. Jambo hilo la mwisho ndilo lililoifanya vali ya namna hii ipendwe pia katika viwanda vya kutengenezea dawa.

Inafaa kutaja hapa kwamba vali ya kiwambo ya viwandani, kama inavyojulikana leo, haikuzaliwa hospitalini. Mhandisi P. K. Saunders aliiunda mwishoni mwa miaka ya 1920 kutokana na kero ya vali zilizovuja katika migodi ya Afrika Kusini. Wanaodai kwamba sayansi ya vyombo hivi ni ya mbali mno kuzungumzwa kwa lugha ya Kiafrika wakumbuke ilikotokea.

Matumizi yake katika uingizaji wa dawa yanadhihirika zaidi pale pampu inaposukuma bomba la sindano polepole, mililita chache kwa saa, pengine ikiwa na dawa kali ya kutuliza maumivu. Kila aliyeona petroli ikinyonywa kutoka kwenye tangi la gari anaijua hatari iliyopo. Mnyonyaji huvuta funda la kwanza tu kwa mdomo. Baada ya hapo petroli hujiendea yenyewe maadamu mtungi uko chini ya tangi. Vivyo hivyo, bomba la sindano likiwekwa juu ya kimo cha mgonjwa na kisukumio chake kisishikwe vizuri na pampu, uzito wa dawa yenyewe huivuta ishuke, na dozi ya saa nyingi ikaingia kwa muda mfupi. Vali ya kuzuia mnyonyo huwekwa njiani kulikabili jambo hilo. Kiwambo chake hubanwa na springi, na hakifunguki mpaka kisukumwe kwa nguvu inayozidi ile ya uzito wa dawa. Pampu inayo nguvu hiyo. Mvutano wa ardhi peke yake hauna. Mwaka wa 2003 shirika la Marekani linalokagua ubora wa hospitali liliweka kinga dhidi ya mtiririko wa aina hiyo miongoni mwa malengo yake ya usalama wa wagonjwa.

Vali hii nayo ina dosari. Pampu iendapo polepole sana, nguvu ya kukifungua kiwambo huchelewa kujengeka, na mgonjwa hungoja dawa. Isitoshe, kiwambo hutuna kidogo na kuhifadhi sehemu ya kimiminika. Anayedhani kiasi hicho ni kidogo na apige hesabu ya insulini ya kawaida, yenye yuniti 100 katika mililita moja: tone moja la ule mpira wa matone 20 lingebeba yuniti 5.

Sasa turudi kwenye maneno. Wapo watakaopendelea kilango badala ya vali, kwa hoja kwamba ni neno la kibantu na linajieleza. Hoja hiyo ina mvuto lakini haina nguvu. Kilango hufunguliwa na apitaye, ilhali vali nyingi hufunguka kwa upande mmoja na kukataa upande wa pili. Aidha, vali limekwisha kuzoeleka kwa mafundi na kwa walimu wa biolojia wanaofundisha habari za moyo. Na libaki. Tatizo kubwa zaidi ni tafsiri sisisi. Ile hali ya dawa kujimwagikia mwilini bila kizuizi, mfasiri mwenye haraka ataiita "mtiririko huru". Uhuru! Nani ataogopa kitu kilicho huru? Mbubujiko lingekuwa neno la haki zaidi, maana kinachobubujika kimekwisha kumshinda mwenyewe.

Kazi ya namna hii haiwezi kufanywa na mwanafunzi wa Kiswahili aliyejifungia na kamusi. TUKI ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990, na Kamusi ya Tiba mwaka wa 2003. Juhudi hizo ni za kuenziwa. Lakini istilahi nyingi za orodha hutaja vitu, hazitaji vinavyotenda, na muuguzi anahitaji kumweleza mgonjwa kinachotendeka. Tangu Katiba ya mwaka wa 2010 Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza. Idara za Kiswahili na shule za uuguzi mara nyingi zimo katika chuo kimoja, zikitenganishwa na uwanja wa nyasi, na hakuna kinachozizuia kukaa meza moja vali hiyo ikiwa imepasuliwa mbele yao.

Neno la kwanza watakalogombana juu yake linajulikana tayari. Wanafunzi wa Tanzania hufundishwa kwamba nguvu isukumayo juu ya eneo fulani ni kanieneo. Mwenzao wa Kenya, aliyesoma fizikia kwa Kiingereza, hulishangaa neno hilo. Yeye husema presha. Na muuguzi akimwambia bibi wa miaka sabini kwamba mashine yake inangoja presha ipande ndipo dawa ipite, bibi huyo hatasikia habari za kiwambo wala springi. Atauliza kwa nini wanataka kumpandisha presha, ilhali ni presha hiyo hiyo iliyomleta hospitalini.