Darubini Iliyopanda Kutoka Ngomeni

Kila ifikapo tarehe 12 Disemba twaadhimisha siku ya Jamhuri kwa hotuba na magwaride. Ni wachache miongoni mwetu wakumbukao kwamba siku hiyo hiyo, mwaka 1970, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ikiwa imebeba setilaiti ya Wamarekani yenye jina la Kiswahili: Uhuru. Jina hilo lilikuwa ni shukrani kwa ukarimu wa wenyeji. Na setilaiti yenyewe ilikuwa ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa kuchungua miale ya eksirei itokayo kwenye nyota.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja. Je, mwenyeji alipona?

Ili tujibu, yafaa kwanza tufahamu darubini za kisasa ni vyombo vya namna gani. Wengi wetu tukisikia neno hilo twafikiria lile bomba la manahodha la kutazamia chombo kilicho mbali. Naam, ndivyo ilivyokuwa darubini ya Galileo, aliyoielekeza mbinguni mwaka 1609. Lakini lenzi ina mpaka wake. Kwa kuwa mwangaza hupita katikati yake, haiwezi kushikiliwa ila kwa ukingo, na ikiwa kubwa mno huinama kwa uzito wake yenyewe na kuharibu picha. Darubini ya Yerkes, iliyofunguliwa Marekani mwaka 1897, ina lenzi ya upana wa mita 1 hivi, na hapo ndipo lenzi zilipokomea.

Basi wataalamu wakashika njia ya kioo cha kuakisi, ambacho chaweza kuegemezwa kwa nyuma. Kikishindikana kimoja, huunganishwa vipande vingi. James Webb, iliyorushwa mwaka 2021, ina vipande 18 vyenye upana wa mita 6.5 kwa jumla. Ile ambayo nchi za Ulaya zaijenga jangwani huko Chile itakuwa na vipande 798 na upana wa mita 39. Upana ndio mali, kwani mwangaza wa nyota za mbali ni kama manyunyu: mwenye kukinga kwa sinia hupata zaidi kuliko mwenye kukinga kwa kikombe.

Ama miale ya eksirei ina mambo mengine. Kwanza, hewa huizuia isifike ardhini, na hiyo ni rehema ya Mola kwetu sisi viumbe. Atakaye kuichungua sharti apande juu ya hewa. Ngomeni palifaa kwa kuwa pako karibu na ikweta: mzunguko wa dunia huisukuma roketi, na upande wa mashariki ni bahari tupu. Pili, eksirei ikigonga kioo uso kwa uso hupenya au humezwa. Kwa hivyo Uhuru haikuwa na kioo wala lenzi. Ilikuwa na visanduku vya gesi vyenye kuhesabu miale, na mbele yake vijia vyembamba vya kuonyesha miale imetoka upande gani. Ikajizungusha polepole, mara moja kila dakika 12 hivi, ikipekua mbingu ukanda kwa ukanda.

Ilipokoma kazi mwaka 1973, wataalamu walikuwa na hesabu ambayo mwishowe ilifika vyanzo 339, ambapo kabla yake vilijulikana makumi machache tu. Kimoja ni Cygnus X-1, katika kundi la nyota ambalo Waarabu wa kale waliliita Dajaja, yaani kuku. Uhuru iliona eksirei zake zikipwesa kwa muda usiofika sekunde moja, dalili ya kuwa chanzo ni kidogo sana. Darubini za redio zikaonyesha mahali pake barabara. Darubini za vioo nazo zikaona hapo nyota kubwa ikizungushwa na mwenzake asiyeonekana, mwenye uzito mkubwa. Ndivyo lilivyotambulikana shimo jeusi la kwanza. Hakuna darubini iliyolipata peke yake. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ya Uhuru, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Hesabu hizo zote zilisomewa Marekani. Roketi ya mwisho iliruka Ngomeni mwaka 1988, na setilaiti yetu wenyewe, Taifa-1, ilirushwa mwaka 2023 kutoka California. Sisemi haya kwa kumlaumu mgeni; mgeni alikuja na kazi yake akaifanya. Nasema kwa kuwa nafasi imerudi kwa mlango mwingine. Afrika Kusini yajengwa darubini ya redio ya SKA, yenye masahani 197, na Kenya ni mojawapo ya nchi 8 za Afrika zilizoshirikishwa.

Isitoshe, mwanafalaki wa leo hachungulii tena tunduni. Hupeleka maombi, mtambo ukageuzwa, na majibu yakamjia kwa tarakimu katika kompyuta. Tarakimu za James Webb na wenzake huachiliwa kwa kila mtu, kwa kawaida baada ya muda usiozidi mwaka. Kijana wa Lamu aweza kuzisoma sawasawa na wa London, maadamu ana hisabati, fizikia, kompyuta na umeme usiokatika. Tulichopungukiwa si vioo, ni walimu.

Wala ilimu hii si ngeni kwetu. Simaanishi falaki ya kupigia ramli. Ibn al-Haytham wa Basra, aliyeandika Kitab al-Manazir miaka elfu moja iliyopita, ndiye aliyebainisha kuwa jicho huona kwa mwangaza unaoliingia. Manahodha wetu walivuka bahari kwa nyota. Na sisi kila Shaabani twapanda juu ya mapaa kuutafuta mwezi, kisha twagombana. Lau tungesomesha watoto wetu mbingu kwa bidii ile ile ya kugombania mwandamo, kizazi kijacho kingekuwa na la kusema pale ambapo zamani tulitoa jina tu.