Sweta ya mama mchuma chai si anasa

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Msomaji aliyezaliwa na kukulia Mombasa, mji ambamo chai yetu imekuwa ikipigwa mnada tangu mwaka wa 1969, huenda akacheka akiambiwa kuwa katika nchi hii hii, karibu kabisa na mstari wa ikweta, wako akina mama wanaokwenda kazini alfajiri vidole vikiwa vimekufa ganzi. Na acheke. Lakini akijaliwa kufika Kericho mwezi wa Julai, ashuke garini saa kumi na mbili asubuhi na shati lake la mikono mifupi, kicheko kitamwisha. Jambo la kwanza atakalouliza ni palipo na moto.

Nchi ya chai ya Kericho na Bomet imeinuka. Mji wa Kericho wenyewe uko kwenye kimo cha mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Mashariki kuna msitu wa Mau na magharibi kuna Ziwa Viktoria. Pepo za ziwani zikikutana na milima wakati wa alasiri, mvua hunyesha, na si mara chache mvua hiyo huwa ya mawe. Hali hiyo ndiyo iliyoufanya mchai ustawi huko. Hata hivyo, kinachoufaa mchai si lazima kimfae mtu aliyeinama juu yake tangu asubuhi.

Ninayasema haya kwa sababu kila kipupwe kinapokaribia, hatukosi kuziona kurasa za mitindo zikiwashauri akina mama wafanyao kazi namna ya kuvaa wakati wa baridi. Ushauri wenyewe si mbaya, ila umeshonwa kwa vipimo vya watu wengine. Tunaonyeshwa makoti ya sufu yanayofika magotini, viatu vya ngozi vyenye visigino, na skafu zilizofungwa kwa madaha. Mama afanyaye kazi, kwa mujibu wa kurasa hizo, ni yule anayetoka katika nyumba yenye joto, akaingia garini, akashuka mlangoni pa ofisi. Mchuma chai wa Kericho hamo. Mwalimu wa Mogogosiek hamo. Muuza mboga wa Silibwet hamo pia. Je, hao si akina mama? Au hawafanyi kazi?

Kwanza ni lazima tukubaliane kuhusu tabia ya baridi yenyewe. Baridi ya Ulaya ikiingia hukaa miezi mitatu au minne, na mtu akishavaa koti lake asubuhi hulivua jioni. Baridi ya Kericho haina uaminifu wa namna hiyo. Alfajiri hukata kama wembe, na umande huwa umetanda juu ya michai. Saa sita jua la ikweta huchoma utosi. Saa tisa mawingu hufunga, na mama aliyekuwa akitoka jasho huloweshwa na mvua ya barafu. Anayeishi katika hali hiyo hahitaji nguo moja nene. Ahitaji nguo kadhaa nyepesi zinazovaliwa moja juu ya nyingine, ambazo aweza kuzipunguza na kuziongeza kadiri siku inavyogeuka. Hewa inayonaswa baina ya nguo na nguo ndiyo inayohifadhi joto la mwili.

Lile koti refu la Ulaya, ambalo hupatikana kwenye marundo ya mitumba kwa bei ya kuvutia, mara nyingi humsaliti mnunuzi wake. Limeshonwa kwa ajili ya baridi kavu na theluji. Likinyeshewa mvua ya Kericho hunywa maji, likawa zito kama mzigo wa kuni, na halikauki hata kwa siku mbili. Juu ya hayo, mchuma chai hubeba kikapu mgongoni, na mikono yake haina budi kwenda mbele na kurudi nyuma maelfu ya mara kwa siku, ikichuma majani mawili na kichipukizi chake. Koti la mabega mapana humfunga mikono. Glavu nzima nayo humnyima hisia ya vidole, na asiyehisi jani hawezi kulichuma vizuri.

Basi mavazi yanayomfaa ni yapi? Akina mama wa huko walikwisha kulijibu swali hilo zamani, ingawa hakuna aliyewapiga picha. Ndani kabisa huvaa fulana inayobana mwili. Juu yake huja sweta ya sufu yenye mikono myembamba. Sufu ni bora kuliko pamba, kwa kuwa pamba ikilowa huganda mwilini na kuuibia joto, ilhali sufu hata ikiwa na unyevu huendelea kuhifadhi joto kiasi. Suruali huvaliwa chini ya sketi. Aproni ya plastiki hufungwa kiunoni, ili umande na vijiti vya mchai visiufikie mwili. Miguuni ni soksi nene na gambuti, kichwani ni kitambaa au boshori. Aliye mwerevu zaidi huikata mikono ya sweta kuukuu na kuivaa kuanzia kwenye viwiko hadi kwenye viganja, vidole vikabaki huru. Mtindo huo haujapata kuonekana katika maonyesho yoyote ya mavazi, lakini kila kipande chake kina sababu.

Mama anayenyonyesha ana haja yake mahsusi. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo kamili. Aliyejifungua mwezi wa Aprili basi hurejea kazini Julai, katikati ya kipupwe. Huyu ahitaji sweta yenye vifungo mbele, ili amnyonyeshe mwanawe pasipo kuuvua mwili wote kwenye upepo. Ahitaji pia nguo kavu ya kubadilisha kabla ya kumpakata mtoto, kwani kifua kilicholowa hakiwezi kumpa mwana joto. Haya ni mambo madogo, lakini hayamo katika kurasa nilizozitaja.

Nao akina mama wa ofisini, wa madarasani na wa hospitalini wasisahauliwe. Mwalimu anayesimama mbele ya ubao katika darasa ambalo madirisha yake hayana vioo hapati joto kwa kuwa amevaa sketi ya nailoni iliyopigwa pasi vizuri. Bado wapo wakuu wa kazi wanaoona kuwa heshima ya mwanamke imo katika wembamba wa nguo zake, na kwamba suruali nzito na viatu vya mpira ni utovu wa adabu. Napinga fikira hiyo. Heshima ya mwalimu imo katika kufundisha, na anayetetemeka hafundishi. Suruali ya kitambaa kizito, sweta ya rangi iliyotulia, na viatu vya kubadilisha vinavyomngoja ofisini baada ya kuvuka matope, hayo yote yaweza kuwa nadhifu na ya kupendeza. Unadhifu na joto havijapata kugombana. Ni sisi tunaovigombanisha.

Hapo nafika kwenye kiini cha hoja yangu. Akina mama wa nchi ya chai wanajua sana namna ya kuvaa. Shida imo katika fedha, na hasa katika majira ambayo fedha hizo hupatikana. Mchai hauipendi baridi kali. Miezi ya Juni, Julai na Agosti hukua polepole, na majani hupungua. Mchumaji anayelipwa kwa kilo huona ujira wake ukipungua katika miezi ile ile anayohitaji sweta na gambuti. Mkulima mdogo anayepeleka majani katika viwanda vinavyosimamiwa na KTDA naye huyangoja malipo makubwa ya mwaka, yaani bonasi, ambayo kwa desturi hutolewa kati ya Septemba na Oktoba. Kwa maneno mengine, baridi hutangulia na pesa hufuata. Bonasi inapowasili, kipupwe kimekwisha kuondoka, na haja ya sweta imesahauliwa hadi mwaka ujao.

Isitoshe, muhula wa pili wa shule huangukia kipindi hicho hicho, na sare ya shule huwa na sweta yake. Mama akiwa na fedha za sweta moja, kila mmoja wetu anajua atamnunulia nani. Atamvika mtoto, kisha ajifunge leso mabegani na kwenda kazini. Twamsifu kwa moyo huo wa kujinyima, twamwimbia hata nyimbo. Lakini sifa haikaushi nguo. Mama akiugua, wale watoto aliowavika sweta watapikiwa na nani?

Yapasa pia tutaje hatari ambayo hujificha nyumbani. Mama mwenye vazi moja tu la kazini, likilowa jioni, hana budi alikaushe usiku ule ule. Huliweka karibu na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa mlango na madirisha ili joto lisitoroke, nao watoto hulala humo humo. Makaa yanayowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya sumu isiyoonekana wala kunuka, na gesi hiyo imekwisha kuwaua watu wengi katika nchi yetu wakiwa usingizini. Jiko na litolewe nje kabla ya kulala. Lakini anayemwambia mama maneno hayo pasipo kuuliza kesho atavaa nini amemaliza nusu tu ya kazi. Nguo ya pili, iliyo kavu, ni kinga ya uhai wa nyumba nzima.

Ni nani basi anayepaswa kuyagharimia hayo? Sheria haikunyamaza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007, katika kifungu chake cha 101, inamwagiza kila mwajiri awape wafanyakazi ambao kazi yao huwaweka katika majimaji mavazi ya kujikinga yanayotosha na yanayofaa, na ayatunze mavazi hayo. Haikusema kampuni kubwa peke yake. Imesema mwajiri. Mwenye ekari mbili za chai anayewaita majirani wamchumie kwa kutwa, naye ni mwajiri siku hiyo. Aproni iliyopasuka tangu mwaka juzi haiwezi kuitwa mavazi yanayofaa, na gambuti zilizotoboka haziwezi kuitwa zimetunzwa. Vyama vya wafanyakazi vinapoketi na waajiri kujadiliana kuhusu mishahara, suala la mavazi lisiachwe hadi dakika ya mwisho watu wakiwa wameshika kofia zao tayari kuondoka. Lijadiliwe pamoja na ujira, kwa kuwa ni sehemu ya gharama ya kuzalisha chai, kama ilivyo mbolea.

Waume nao wana hesabu ya kutoa. Mara nyingi shamba limeandikishwa kwa jina la baba, na bonasi huingia katika akaunti yake, ingawa mikono iliyochuma ni ya mama. Si ajabu kumwona bwana wa nyumba sokoni, katika Litein au Sotik, amevaa jaketi zito linalomkinga na upepo akiwa amesimama tu, ilhali mkewe yumo shambani na leso. Sitaki kuwagombanisha watu na wake zao. Nasema tu kwamba katika nyumba yenye haki, nguo nzito huanza na yule anayekwenda kwenye baridi kali.

Akina mama wenyewe wanavyo vyama vyao vya kuchangiana kwa zamu, ambavyo vimenunua sufuria, mablanketi na hata ng'ombe. Nawapendekezea kuwa katika miezi ya Aprili na Mei, majani yanapokuwa mengi baada ya mvua kuanza, zamu moja iwe ya sweta na gambuti, tena za mama mwenyewe, wala si za mtoto. Wako miongoni mwao wanaojua kufuma. Wakinunua nyuzi kwa pamoja watapata sweta zenye vipimo vyao, kwa rangi wazipendazo. Ndiyo, rangi wazipendazo. Mchuma chai ana macho kama mtu mwingine yeyote, naye anayo haki ya kupendeza.

Tukinywa kikombe cha chai asubuhi, tunaushika kwa viganja viwili ili tupate joto lake. Joto hilo limeanza safari yake katika mikono ya mama aliyekuwa akitetemeka. Tusimwite mpenda anasa anapoomba sweta.